Nyundo Isimtangulie Fundi Kushuka: Jinsi ya Kuzuia Zana Zinazoanguka Saiti

Kofia ngumu zilizotengenezwa kwa kiwango cha Ulaya cha EN 397, alama ambayo utaikuta imechapwa ndani ya kofia nyingi nzuri zinazouzwa madukani kwetu, hupimwa kwa kuangushiwa chuma cha kilo 5 kutoka kimo cha mita 1. Kofia ikilipokea pigo hilo bila kupitisha mshtuko uliozidi mpaka uliowekwa, imefaulu. Sasa chukua nyundo ya kilo 1 iliyolazwa kwenye jukwaa la mita 5, yaani chini kidogo ya sakafu ya ghorofa ya pili. Nguvu ya pigo hutokana na uzito kuzidishwa kwa kimo, na hapo jibu ni lile lile: kilo 5 mara mita 1, au kilo 1 mara mita 5. Nyundo ya kawaida ya fundi, kwa hiyo, huifikisha kofia kwenye kipimo chake cha mwisho hata kabla jengo halijafika ghorofa ya tatu. Tepu ya kupimia yenye nusu kilo hufika hapo ikitoka mita 10, na spana ya robo kilo ikitoka mita 20. Ukivuka vimo hivyo, unategemea bahati.

Ninaanza na hesabu hiyo kwa sababu kwenye saiti nyingi nilizofanyia kazi Dar es Salaam, suala zima la zana zinazoanguka huishia kwenye bango moja lililotundikwa getini: "Vaa kofia." Kofia lazima ivaliwe, na nitaifikia huko mbele, lakini yenyewe ni kinga ya mwisho, inayofanya kazi baada ya mengine yote kushindwa. Kinga ya kwanza iko juu, mkononi mwa yule aliyeishika zana. Mwongozo huu unafuata njia ile ile ambayo zana ingepita: unaanzia kwa fundi aliye juu, unapitia jukwaani, unashuka hadi kwa kibarua anayechanganya zege chini.

Muda nao ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Kitu kinachoanguka kutoka mita 10 hufika chini kwa sekunde 1.4 kikiwa na mwendo wa takriban kilomita 50 kwa saa. Kutoka mita 20 huchukua sekunde 2 na hufika na mwendo wa kilomita 70 kwa saa, mwendo wa daladala iliyopata barabara nyeupe. Fundi akipiga kelele "Chini!", sekunde nzima hupotea kwa aliye chini kusikia na kutambua kwamba anayeambiwa ni yeye, na kitu cha kwanza anachokifanya baada ya hapo, kwa maumbile ya binadamu, ni kuinua uso ili aone kinachokuja. Uso haukuvalishwa kofia. Kwa sababu hiyo, katika kikao cha asubuhi kabla ya kazi, wafundishe watu wote kwamba wakisikia kelele hiyo wasitazame juu, bali wainamishe kidevu na wasogee ndani, chini ya slabu au chini ya kipaa kilichojengwa. Wengi hukimbilia nje, kuelekea uwazi, na huko ndiko zana nyingi zinakodondokea.

Zana huanguka vipi

Wasimamizi wengi hudhani kwamba zana humponyoka fundi akiwa anaitumia. Hilo hutokea, hasa mikono ikiwa na mafuta ya kupaka mbao za zege au jasho la saa saba mchana, lakini kwa niliyoyaona mimi, zana zilizoanguka mara nyingi zilikuwa zimelazwa. Fundi ameiweka "hapa tu, mara moja" pembeni mwa ubao, akageuka kuchukua kitu kingine, na mtu wa pili, ambaye hajui kwamba ipo, akaipiga teke, akaiburuta kwa waya wa umeme, au mashine ya kushindilia zege ikaitikisa mpaka ikafika ukingoni yenyewe.

Nitaeleza moja niliyoiona kwa macho yangu. Tulikuwa ghorofa ya tano, kwenye jukwaa la mabomba, na mwenzangu alikuwa akikaza vishikizo kwa spana. Aliilaza juu ya mbao mbili zilizokuwa na mwanya wa vidole viwili kati yake, akasimama kunywa maji. Saidia fundi mmoja akavuta waya wa grenda kutoka upande wa pili, waya ukaiburuta spana, ikazunguka nusu duara, ikasimama kwa mkia juu ya ule mwanya, kisha ikapita. Haikugusa hata ukingo wa jukwaa. Chini ilipiga karai la kijana aliyekuwa amelibeba begani kuelekea kwenye toroli, ikalitoboa na kutokea upande wa pili. Karai lile, lenye tundu la umbo la mdomo wa spana, lilikaa stoo kwa miezi, na kila kibarua mpya alipoonyeshwa, hakukuwa na haja ya hotuba. Kijana mwenyewe alikaa chini na hakusema neno mpaka jioni.

Katika kisa hicho hakuna aliyefanya kitendo ambacho ungekiita cha kijinga. Mwenye spana alipumzika, mwenye waya aliuvuta waya wake, na mbao zilikuwa na mwanya ule ule zilizokuwa nao wiki nzima. Kumwambia fundi "kuwa makini" kusingezuia kitu. Kipande cha kamba kingezuia.

Kufunga zana

Kanuni ni moja: zana yoyote inayotumika mahali ambapo ikiachiwa inaweza kufika chini lazima iwe imefungwa kwenye kitu kisichoanguka. Zipo kamba zilizotengenezwa kiwandani kwa ajili hiyo, zenye mpira ndani na kishikizo cha kujifunga kila upande, na Marekani ilizitungia kiwango mwaka 2018, ANSI/ISEA 121, kinachohusu kamba yenyewe, mahali inapofungwa kwenye zana, mahali inapotiwa nanga, na mifuko ya kubebea. Mkandarasi anayeweza kuzinunua azinunue, kwa kuwa kila moja imeandikwa uzito inaoweza kuubeba. Asiyeweza bado hana kisingizio, ila anatakiwa afuate mambo yafuatayo kwa uangalifu.

Anza na zana yenyewe kabla ya kamba. Nyundo ya mpini wa mbao inapokauka, kichwa huanza kucheza, na mafundi wengi huitumbukiza kwenye ndoo ya maji usiku ili mbao ivimbe. Asubuhi kichwa kimekaza na kila mtu ameridhika. Ikifika saa nane mchana, jua limekwisha kuikausha mbao, nayo imelegea kuliko jana. Ukiifunga nyundo kama hiyo kwa mpini, kamba itaokoa mpini na kichwa kitaenda zake. Gonga kabari mpya ya chuma, au badilisha mpini, au iache nyundo hiyo itumike chini. Pale unapoweza, funga kamba ili izunguke shingo ya nyundo, chini kabisa ya kichwa, kisha ishuke sambamba na mpini na kubanwa tena karibu na mwisho wake.

Usitoboe tundu kwenye mpini ili kupitisha kamba, kwa sababu mpini utavunjikia hapo hapo. Spana yenye pete upande mmoja imekwisha kukupa tundu. Pitisha kamba kwenye pete, na upande huo usiutumie tena kukazia. Plaizi ya kufungia nondo haina pa kushika, kwa hiyo tengeneza kitanzi kinachojikaza kwenye mkono mmoja tu wa plaizi, ukizungushie utepe mgumu mara kadhaa ili kisiteleze, na uhakikishe plaizi bado inafunguka na kufunga bila kukwama. Tindo laini lililonyooka ndilo linalosumbua kuliko vyote, kwa kuwa kila fundo huteleza likipigwa nyundo. Hapo nashauri mchomeaji abandike pete ndogo ya chuma pembeni mwa tindo, mbali na ncha na mbali na kichwa kinachopigwa.

Kamba iwe fupi iwezekanavyo, mradi mkono unyooke kwa kazi. Kamba ndefu ina makosa mawili: hunasa kwenye nondo na vishikizo, tena huipa zana nafasi ya kuanguka na kupata mwendo kabla haijakamatwa, na mshtuko wa kuisimamisha unaweza kukata kamba iliyoonekana nzima. Ni kwa sababu hii kamba zinazonyumbuka kidogo hufaa kuliko zile kavu. Watu wetu hupenda kutumia vipande vya mpira wa tyubu ya tairi, na kwa kupunguza mshtuko si vibaya, lakini mpira huo huoza kwa jua na mafuta bila kutoa taarifa. Ukiutumia, uwe msaidizi wa kamba ya nailoni iliyolegea kidogo pembeni yake, ili mpira ukikatika nailoni ishike, na ubadilishwe kila unapoonyesha nyufa ukiuvuta.

Baada ya kufunga, ijaribu. Panda kimo cha kiti, mahali pasipo na mtu chini, funga ncha ya juu ya kamba kwenye bomba, kisha uiachie zana ianguke hadi mwisho wa kamba mara tatu mfululizo. Mimi huongeza jaribio moja la nne kwa mfuko wa mchanga wenye uzito mara mbili ya zana hiyo. Fundo likisogea hata upana wa kidole, fungua na uanze upya. Jaribio hilo halizidi dakika tano kwa zana moja, na linafanywa mara moja tu, mpaka kamba ibadilishwe.

Swali linalofuata ni ncha ya pili inafungwa wapi. Zana nyepesi inaweza kufungwa kwenye mkanda wa kiunoni, na ile nyepesi kabisa, kama penseli ya chuma au bisibisi ndogo, kwenye kifundo cha mkono. Zana iliyozidi takriban kilo 2 isifungwe mwilini mwa mtu hata kidogo. Ifungwe kwenye jengo, kwenye nguzo ya jukwaa iliyokazwa, au kwenye nondo iliyokwisha kushikwa na zege. Nyundo ya kilo 4 ikikamatwa ghafla kiunoni mwa mtu aliyesimama kwenye ubao mwembamba humvuta pamoja nayo, na hapo umeokoa aliye chini kwa kumwangusha aliye juu. Pete ya mgongoni ya mkanda wa kuzuia kuanguka nayo si mahali pa kutundikia zana, kwani ina kazi moja tu, nayo ni ya mtu mwenyewe.

Mashine za umeme zinahitaji neno la ziada. Waya wa grenda si kamba ya kuishikilia, ingawa kila siku utamwona mtu akiipandisha grenda kwa waya wake; waya hung'oka kwenye mashine, na hata usipong'oka, unakuwa umelegea ndani mahali ambapo umeme unaweza kumkuta mtu. Funga kamba kwenye mwili wa grenda au kwenye mpini wake wa pembeni uliokazwa, na uipime ili mashine ikiponyoka ikiwa bado inazunguka isibembee na kufika mapajani. Drili ya betri inaweza kuachana na betri yake ikigonga kitu, basi betri nayo ifungwe au mashine nzima iwekwe kwenye mfuko wenye wavu. Na yeyote anayefanya kazi kando ya kitu kinachozunguka, kama winchi au mashine ya kuchanganyia zege, asiwe na kamba yoyote inayoning'inia mwilini.

Mafundi wazee watalalamika kwamba kamba zinawachelewesha. Katika siku mbili za kwanza wanasema kweli. Baada ya hapo, nimewasikia hao hao wakisema kwamba hawapotezi tena muda kumtuma kijana ashuke ghorofa sita kufuata plaizi.

Jukwaa, kingo na kupandisha vitu

Kwenye jukwaa, iwe la mabomba au la mirunda, weka ubao wa kusimama wima ukingoni, unaogusa sakafu ya jukwaa na kupanda angalau sentimita 15. Ubao huo uzunguke pande zote zilizo wazi, pamoja na ncha mbili za jukwaa, ambazo karibu kila mara husahauliwa. Usirundike matofali au vipande vya mbao kupita kimo cha ubao huo. Ukilazimika, ongeza wavu uliobanwa juu yake. Mianya kati ya mbao za kukanyagia izibwe, na kazi inapohusu vitu vidogo kama boliti, nati na vipande vya waya, tandika plaiwudi au turubai zito mahali hapo kabla ya kuanza. Mwanya kati ya jukwaa na ukuta nao ni njia, na wapiga plasta ndio wanaoujua vizuri, kwa maana mwiko hupenda kupitia hapo.

Jukwaa la mirunda lina adui yake wa pekee: misumari na vipande vya kamba vinavyoachwa juu siku ya kulifumua. Siku za kufumua mbao za zege na za kushusha jukwaa ndizo siku ambazo vitu vingi hulegea kwa wakati mmoja, huku kila mtu akiwa na haraka ya kumaliza, na kwangu mimi ni siku ambazo eneo la chini linafungwa kabisa, bila mjadala na bila "napita tu kaka".

Kutupiana zana kati ya ghorofa na ghorofa kwa neno "Daka!" kukomeshwe siku ya kwanza ya mradi, kwa sababu siku ya kumi itakuwa desturi. Zana zipandishwe kwenye mfuko wa turubai unaofungwa mdomo, au kwenye ndoo ambayo haikujazwa kupita ukingo wake. Ndoo za rangi za plastiki, ambazo tunazipenda kwa kuwa ni za bure, mpini wake umeshikwa na masikio mawili ya plastiki ambayo jua huyafanya yavunjike kama biskuti. Ikiwa huna nyingine, pitisha kamba chini ya tako la ndoo kwa umbo la msalaba, kisha uikusanye juu, ili uzito wote ubebwe na kamba na mpini ubaki wa kuelekeza tu. Vipande vya nondo visipandishwe kwenye ndoo vikiwa vimesimama. Vifungwe pamoja sehemu mbili, tena kwa fundo linalojikaza kadiri linavyovutwa.

Mwisho wa siku, zana zihesabiwe. Ninaweka ubao wenye michoro ya zana na misumari ya kutundikia, na saa kumi na moja kila msumari mtupu una jina la mtu wa kuuliza. Zana iliyosahaulika juu usiku ni zana ambayo upepo wa kusi wa mwezi Julai utaishughulikia.

Eneo la chini

Mnamo Novemba 2014, huko Jersey City nchini Marekani, tepu ya kupimia yenye uzito wa takriban nusu kilo ilichomoka kiunoni mwa mfanyakazi aliyekuwa karibu ghorofa ya 50. Ilishuka, ikagonga chuma mita chache kutoka ardhini, ikabadili njia na kumpiga kichwani mtu aliyekuwa amekuja saiti kupeleka bodi za ukuta, naye akafariki. Hakuwa na kofia kichwani wakati huo. Watu wengi hukumbuka urefu wa jengo katika kisa hicho. Mimi hukumbuka kule kugonga chuma. Kitu kinachoanguka hakishuki kama timazi. Kikigusa bomba la jukwaa au ukingo wa slabu, hurukia nje, na mtu aliyesimama mahali anapopaona salama, hatua nne kutoka ukutani, anakuwa ndani ya njia yake.

Kwa hiyo utepe unaozungushwa nusu mita kutoka jukwaani ni pambo. Desturi yangu ni kuanzia nusu ya kimo cha kazi inayofanyika, na hata kwa kazi ya chini nisiweke pungufu ya mita 3, kisha naongeza kila ninapoona vyuma vingi vilivyotokeza njiani. Vituo vya watu vihamishwe nje ya eneo hilo: mashine ya zege, meza ya kukunjia nondo, pipa la maji ya kunywa, na hasa kivuli cha mama lishe. Kivuli kizuri saa sita mchana ni cha jengo lenyewe, na ndiko watu watakakokaa kula, kofia zikiwa magotini, usipowajengea kingine.

Kariakoo ni hadithi nyingine. Mtaa una upana wa mita chache, upande huu kuna ghorofa kumi zinazopanda na upande wa pili kuna maduka, na katikati kuna wateja, wapagazi wenye mikokoteni na wauza maji. Uzio wa mabati unazuia mtu asiingie saiti lakini hauzuii spana isitoke. Hapo unahitaji kipaa juu ya njia ya watu, chenye mbao nene tabaka mbili, kilichoinamia upande wa jengo ili kinachoangukia juu yake kibingirike kurudi ndani, tena kifagiliwe kila jioni kisije kikawa chenyewe ghala la vitu vya kuanguka. Kazi za upande wa nje, kama kufunga madirisha na kufumua jukwaa, zipangwe alfajiri au Jumapili, mtaa ukiwa umepungua watu. Weka mtu mmoja chini mwenye filimbi ambaye hana kazi nyingine yoyote. Akipewa na kazi ya kupokea mchanga, huna mlinzi tena.

Kofia

Kofia ya kawaida ya EN 397 imepimwa utosini, kwa pigo linalotoka juu moja kwa moja, hivyo usitarajie ikulinde vile vile kwa pigo la ubavuni. Mkanda wa ndani, ule wavu unaokaa kichwani, ndio unaofanya kazi ya kumeza mshtuko, na nafasi kati yake na ganda isijazwe sigara, simu wala kitambaa kilichokunjwa. Kamba ya kidevuni ifungwe, kwa sababu anayeinama kuchota zege huivua kofia bila kutaka. Ganda lisipakwe rangi ya kuchanganya na thina wala kutobolewa matundu ya hewa. Angalia duara dogo lililochapwa chini ya ukingo linaloonyesha mwaka na mwezi wa kutengenezwa, na ufuate muda aliouweka mtengenezaji, ukikumbuka kwamba ganda linaloachwa kwenye dashibodi ya gari au juani kila siku huzeeka mapema. Kofia iliyopokea pigo la kweli imekwisha kazi yake hata kama haina ufa.

Mtu akipigwa

Simamisha kwanza kazi iliyo juu. Nimeona watu wakimkimbilia majeruhi na kusimama pale pale kilipoangukia kitu cha kwanza. Kisha mtulize majeruhi, kichwa na shingo visigeuzwe, na asiinuliwe kwa kushikwa makwapa kama tunavyozoea. Asipojitambua lakini anapumua, mtu mmoja ashikilie kichwa chake kwa mikono miwili kisicheze mpaka msaada ufike; asipopumua, kumrudishia pumzi kunatangulia yote. Jeraha linalovuja damu likandamizwe kwa kitambaa safi, isipokuwa pale mfupa wa kichwa unapoonekana umebonyea au kupasuka, ambapo jeraha hufunikwa kwa kitambaa bila kubonyeza juu ya tundu lenyewe. Kitu kilichochoma mwilini kisichomolewe.

Anayenitia wasiwasi zaidi ni yule anayesimama, akajipangusa vumbi na kusema "mimi mzima, bosi." Damu inaweza kuvuja ndani ya fuvu polepole, na mtu akazungumza vizuri kwa saa kadhaa kabla hajaanguka. Aliyepigwa kichwani na kupoteza fahamu hata kwa muda mfupi apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Yule ambaye hakupoteza fahamu asirudishwe kazini, asiachwe peke yake, asipewe pombe wala aspirini, na anayelala naye nyumbani aambiwe dalili za kuangalia kwa saa 24: kutapika, kichwa kinachozidi kuuma, usingizi usio wa kawaida, maneno yasiyoeleweka, degedege, mboni za macho zisizolingana, au majimaji yasiyo na rangi yanayotoka puani au sikioni. Dalili moja inatosha kumwamsha dereva usiku. Kwa Dar es Salaam, majeraha ya ubongo yanayohitaji upasuaji hupelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, na ni vyema msimamizi awe ameshaamua tangu mwanzo wa mradi ni gari gani litakalotumika na njia ipi haina foleni.

Karatasi

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, humtaka mwajiri wa Tanzania Bara kulinda watu wake, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ndiyo iliyounda mfuko wa WCF unaolipia matibabu na fidia. Ajali inatakiwa kutolewa taarifa ndani ya siku 7, na aliyekaa kimya kwa zaidi ya miezi 12 anaweza kupoteza haki yake. Kenya ina Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, maarufu kama WIBA, yenye muda kama huo huo. Kikwazo kikubwa kwenye saiti zetu huwa ni kibarua wa kutwa ambaye jina lake halipo popote, akishapigwa na spana inakuwa kana kwamba hakuwahi kufika. Weka daftari getini, kila aingiaye asubuhi aandike jina lake kamili, namba ya simu ya ndugu, na sahihi au dole gumba.

Andika pia matukio ambayo hayakumdhuru mtu: kitu gani kilianguka, kutoka kimo gani, kilikuwa kimewekwa wapi, nani au nini kilikisogeza. Zana yenyewe usiirudishe kazini siku hiyo. Ifungie karatasi yenye tarehe na uitundike stoo mpaka uchunguzi umalizike, pamoja na kamba yake kama ilikuwa nayo, kwa kuwa kamba iliyokatika hueleza mengi ukiutazama mwisho wake: nyuzi zilizoungua ni jua au cheche, zilizosagika ni ukingo wa chuma, zilizokatika sawasawa ni kisu.

Kofia iliyopigwa nayo ipigwe picha, kisha ikatwe vipande viwili kwa msumeno mbele ya mtunza stoo. Nasema ikatwe, wala isitupwe tu, kwa sababu Jumatatu moja nilimkuta kibarua mpya ameivaa ile ya Ijumaa, ufa wake ukiwa umezibwa kwa gundi na kupakwa vumbi la saruji ili usionekane.